MAKABURI YA KANCHANABURI: WENYE MAJINA NA WASIO NA MAJINA

Magharibi ya Bangkok, mji mkuu wa Thailand, nchi ambayo wazee waliijua kwa jina la Siam, mwendo wa yapata kilomita 130, uko mji uitwao Kanchanaburi. Umejengwa mahali ambapo mito miwili hukutana, na nchi iliyo nyuma yake ni ya milima na misitu mpaka kufika mpakani mwa Burma, ambayo siku hizi huitwa Myanmar. Kwa macho ya mpita njia ni mji kama miji mingine: una soko, una stesheni ya gari la moshi, una mahekalu ya dini ya Buddha, na wenyeji wake wanahangaikia riziki zao kama watu wa po pote. Walakini kila mwaka wageni wengi hufika hapa kutoka Australia, Uingereza, Uholanzi na nchi nyingine, na wengi wao hawaji kwa ajili ya soko wala mito. Wanakuja kutafuta jina.

Mgeni wa namna hiyo hushika barabara kuu ya mji, na si mbali na stesheni akaona lango la makaburi ya vita. Akiisha kuingia, makelele ya motokaa humwacha nyuma. Majani yamekatwa yakawa mafupi kama zulia, na maua yamepandwa baina ya jiwe na jiwe. Mawe yenyewe si marefu kama yale yaonekanayo Ulaya, bali ni mafupi, karibu na ardhi, na juu ya kila jiwe pana bamba la shaba. Katika bamba huandikwa namba ya askari, cheo chake, jina lake, alama ya kikosi chake, siku aliyokufa na umri wake. Na chini yake, pengine, maneno machache yaliyochaguliwa na jamaa zake nyumbani. Mtu akipita safu moja tu akisoma umri wa waliolala humo, ataona ya kuwa wengi walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu.

Katika makaburi haya wamezikwa au wanakumbukwa watu 5,084 wa Jumuiya ya Madola, pamoja na Waholanzi 1,896. Hapo mgeni asiyejua habari zake hana budi kujiuliza: Je, ni vita gani vilivyopiganwa hapa hata wakafa watu wengi kiasi hiki? Jibu lake ni kwamba hawakufa vitani. Watu hawa walikuwa mateka, na walikufa wakijenga reli.

KWA NINI RELI ILITAKIWA

Tarehe 15 Februari, 1942, ngome ya Singapore ilianguka mikononi mwa Wajapani, na askari zaidi ya 80,000, Waingereza, Wahindi na Waaustralia, waliweka silaha zao chini. Mwezi uliofuata Waholanzi walishindwa katika visiwa vyao vya Java na Sumatra, na Rangoon, mji mkuu wa Burma wakati huo, ukatekwa. Hivyo katika muda wa majuma machache jeshi la Japani lilipata nchi kubwa sana, na mateka wengi kuliko lilivyotazamia.

Lakini kuiteka nchi ni jambo moja, na kulilisha jeshi lililo ndani yake ni jambo jingine. Askari wa Japani waliokuwa Burma walihitaji chakula, risasi na dawa, na vitu hivyo vyote vilipelekwa kwa meli kwa kuizunguka rasi ya Malaya. Njia hiyo ilikuwa ndefu, na tena ya hatari, kwa sababu manowari ziendazo chini ya maji ziliwinda meli za Wajapani. Ndipo wakuu wa jeshi lao walipoazimia kujenga reli itakayopita nchi kavu, kutoka Nong Pladuk katika Siam mpaka Thanbyuzayat katika Burma, mwendo wa kilomita 415, kwa kupasua milima na misitu ambayo haikuwa na barabara.

Msomaji aijuaye reli ya zamani ya kutoka Mombasa mpaka Nairobi anaweza kulipima jambo hili. Reli ile, ambayo urefu wake haukuzidi sana huu, ilianza kujengwa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, maana yake miaka mitatu. Wajapani walitaka ya kwao iishe kwa muda wa miezi kumi na minne tu. Kazi ilianza Oktoba 1942 kutoka ncha zote mbili, na tarehe 17 Oktoba, 1943, vyuma viliunganishwa mahali paitwapo Konkoita. Mashine zilikuwa chache mno. Badala ya mashine walitumiwa wanadamu.

MAISHA YA KAMBINI

Karibu na makaburi haya ndipo ilipokuwapo kambi kubwa iliyoitwa Kanburi, ambayo mateka wengi walipitia kabla ya kugawanywa na kupelekwa mbele. Mgeni asitazamie kuiona. Kambi za mateka zilijengwa kwa mianzi na kuezekwa kwa majani, na vitu hivyo katika nchi ya mvua nyingi havidumu. Mchwa na msitu vimekwisha kuzila zote. Mtu akitaka kujua kambi zilikuwaje, hana budi kuingia katika nyumba za makumbusho zilizomo mjini, moja kando ya mto na nyingine jirani na makaburi, aone picha zilizochorwa kwa siri na mateka wenyewe, vyombo vyao vya kulia, na mabaki ya vifaa vya kazi.

Mateka zaidi ya 60,000 walitumikishwa katika reli hii: Waingereza, Waholanzi, Waaustralia, na Wamarekani kiasi. Wengi waliletwa kutoka Singapore katika mabehewa ya chuma yaliyokuwa ya kuchukulia mizigo, wapata thelathini katika behewa moja, siku nne au tano, mchana wakiungua kwa joto na usiku wakitetemeka kwa baridi ya chuma. Walipoteremshwa waliambiwa watembee. Kikosi kimoja cha watu 7,000, kilichotolewa Singapore mwezi wa Aprili 1943, kiliendeshwa kwa miguu yapata kilomita 300, usiku kwa usiku, masika yakiwa yamekwisha kuanza, mpaka kambi zilizo karibu na mpaka wa Burma. Vita vilipokwisha, zaidi ya 3,000 wa kikosi hicho walikuwa wamekufa.

Posho yao ilikuwa wali, na mboga kidogo. Nyama au samaki walionekana kwa nadra. Mtu afanyaye kazi ya mtaimbo na sururu kuanzia alfajiri hawezi kuishi kwa chakula hicho, na miili yao ilianza kuvunjika. Wengi walipata beriberi, ugonjwa uletwao na kula mchele uliokobolewa bila kitu kingine cha kuujenga mwili, hata miguu ikavimba na moyo ukashindwa. Wengine waliuawa na malaria na kuhara damu. Mkwaruzo mdogo wa mwanzi uligeuka vidonda ndugu, vikala nyama mpaka mfupa ukaonekana, na madaktari wakalazimika kuukata mguu ili kuokoa maisha. Tena mwezi wa Mei 1943 kipindupindu kiliingia kambini, na mtu aliyekwenda kazini asubuhi aliweza kuwa maiti kabla ya jua kuchwa.

Madaktari waliokuwa miongoni mwa mateka walifanya waliyoyaweza. Dawa hazikuwapo za kutosha, hata kwinini. Walichemsha maji, wakatengeneza mirija kwa mianzi, wakatoa watu damu ili kuwapa wengine, na zaidi ya yote walisimama mbele ya wasimamizi kuwatetea wagonjwa wasipelekwe kazini. Mmoja wa madaktari hao alikuwa Edward Dunlop wa Australia, ambaye mara nyingi alipigwa kwa sababu ya kutetea watu wake. Alipokufa mwaka 1993, baadhi ya majivu yake yaliletwa huku na kuwekwa mahali ambapo wenzake waliteseka.

MWAMBA ULIOPASULIWA KWA MIKONO

Mahali hapo ni bonde lililokatwa ndani ya mwamba, yapata kilomita 80 kutoka mjini Kanchanaburi kuelekea mpakani. Mateka walipaita Hellfire Pass, yaani Njia ya Moto wa Jehanamu. Serikali ya Australia ilijenga nyumba ya makumbusho juu yake, iliyofunguliwa mwaka 1998, na kutoka hapo mgeni hushuka ngazi nyingi hata kufika chini, ambapo zamani vyuma vya reli vilipita.

Akiisha kufika, anasimama kati ya kuta mbili za mawe, ambazo mahali penye kina kirefu zimepanda yapata mita 25. Kuta hizi hazikuchongwa na mashine. Watu wawili wawili walisimama juu ya mwamba, mmoja ameshika tindo ndefu ya chuma na mwenzake akiipiga kwa nyundo, na kila baada ya pigo tindo iligeuzwa kidogo, mpaka tundu likaingia ndani ya kutosha kutiwa baruti. Baruti ilipokwisha kulipuka, wengine waliyaondoa mawe kwa mikono na vikapu. Katikati ya mwaka 1943 Wajapani walipoona kwamba muda unapita, walizidisha kazi, na watu walifanyizwa kazi hata saa 18 kwa siku. Usiku mioto iliwashwa pande zote mbili, na waliotazama kutoka juu waliona vivuli vya watu waliokonda vikipanda na kushuka ukutani mwa mwamba. Kwa ajili ya mioto ile mahali pakapata jina.

Kila tarehe 25 Aprili, siku ambayo Waaustralia huwakumbuka askari wao, watu hukusanyika hapa kabla ya mapambazuko, wakasimama kimya gizani mpaka kuche. Asiyeamini kwamba mawe yana kumbukumbu na aende akatie mkono wake katika alama za tindo, ambazo mpaka leo zinaonekana.

DARAJA NA SINEMA

Wageni wengi zaidi hufika kwenye daraja la chuma mjini, kwa sababu ya sinema maarufu iliyotolewa mwaka 1957. Sinema ile ilipigwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na habari zake nyingi ni za kubuniwa. Daraja lenyewe lakini ni la kweli. Mateka walijenga mawili mwaka 1943, kwanza la miti, kisha la chuma, na ndege za upande wa wenzao wenyewe zililipiga kwa mabomu mwaka 1944 na 1945. Atazamaye leo ataona ya kuwa sehemu mbili za katikati zina pembe, lakini nyingine zina matao. Zile zenye pembe ziliwekwa baada ya vita mahali pa zile zilizoanguka. Gari la moshi la abiria lingali likipita hapo mpaka Nam Tok, ambako reli huishia sasa. Mbele ya hapo vyuma viling'olewa na msitu ukarudi.

Karibu na daraja pana mnara ambao wahandisi wa jeshi la Japani waliujenga mwaka 1944 kwa ajili ya waliokufa katika kazi. Wale waliowatumikisha watu nao walijua, hata kabla vita havijaisha, kwamba jambo kubwa limetokea ambalo halifai kupita bila kutajwa.

JINSI MAJINA YALIVYOOKOLEWA

Sasa na turudi makaburini, kwa maana pana jambo la kustaajabisha ambalo mgeni aweza kulipita bila kulitambua. Watu walikufa katika kambi zilizotawanyika msituni kwa mamia ya kilomita. Walizikwa kwa haraka, penginepo wazikaji hawakuwa na nguvu za kuchimba. Je, ilikuwaje hata leo karibu kila mmoja akawa na bamba lenye jina lake na siku yake?

Haikuwa kazi ya Serikali ye yote. Ilikuwa kazi ya mateka wenyewe. Katika kila kambi walikuwako watu walioandika kwa siri, juu ya vipande vya karatasi, jina la kila aliyekufa na mahali alipolazwa. Wengine walitia karatasi hizo ndani ya chupa au mikebe, wakazifukia makaburini pamoja na maiti, ili Wajapani wasizipate. Mtu mwenye njaa, mgonjwa, asiyejua kama yeye mwenyewe ataiona kesho, alitumia nguvu zake za mwisho kuandika jina la mwenzake.

Vita vilipokwisha, mwezi wa Septemba na Oktoba 1945, kikundi kidogo cha watu, wengi wao mateka waliokuwa wametoka kufunguliwa, kilikubali kurudi katika reli ile badala ya kwenda nyumbani moja kwa moja. Walipita kambi kwa kambi wakiwa na orodha zile mikononi, wakapata makaburi 10,549 katika viwanja 144. Makaburi ambayo hawakuyaona yalikuwa 52 tu.

Baadaye maiti zilikusanywa katika viwanja vitatu. Cha kwanza ni hiki cha Kanchanaburi. Cha pili ni Chungkai, ng'ambo ya mto, mahali palipokuwa na kambi yenye hospitali. Mateka wenyewe ndio walioanza kuzika huko, na wamo watu 1,426 wa Jumuiya ya Madola na Waholanzi 313. Cha tatu ni Thanbyuzayat, upande wa Burma, chenye watu 3,149 wa Jumuiya ya Madola na Waholanzi 621. Wamarekani waliwachukua watu wao wakawarudisha kwao. Hata wale ambao hawakuweza kupata kaburi lao peke yao hawakusahauliwa. Watu wapatao 300, wengi wao waliokufa kwa kipindupindu katika kambi ya Nieke, walichomwa moto ili maradhi yasienee. Majivu yao yamo katika makaburi mawili, na majina yao yameandikwa yote katika kibanda kilichomo uwanjani. Langoni yameandikwa majina ya watu 11 wa jeshi la Uhindi waliozikwa katika makaburi ya Waislamu mahali pengine nchini, ambako makaburi yao hayakuweza kutunzwa.

Majina 11 tu, na bado yakatafutiwa mahali. Huo ndio utunzaji.

WALE AMBAO HAWAKUANDIKWA

Lakini mateka hawakuwa peke yao katika reli ile, wala hawakuwa wengi kuliko wote. Wajapani walileta pia vibarua wa Asia wapatao 200,000, na pengine zaidi: Watamil kutoka mashamba ya mpira ya Malaya, Wamalay, Wachina, watu wa Java na watu wa Burma. Baadhi walidanganywa kwa ahadi ya mshahara mzuri na muda mfupi, na wengine walikamatwa tu. Wengine waliandamana na wake zao na watoto.

Askari aliye mateka angali ana jeshi lake. Ana ofisa wa kumsemea, ana daktari, ana sajini wa kumwambia achemshe maji kabla ya kunywa, na ana mwenzake wa kuandika jina lake. Vibarua hawa hawakuwa na lo lote la hayo. Walikuwa watu wa lugha mbalimbali waliotupwa pamoja msituni, na kipindupindu kilipoingia kambini mwao hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha la kufanya. Waliokuwa na nguvu walikimbia, wakafia njiani. Mateka waliopita karibu na kambi zao walisimulia kwamba waliona maiti zimelala bila kuzikwa.

Yakisiwa ya kwamba vibarua 80,000 mpaka 100,000 walikufa. Mateka waliokufa walikuwa yapata 13,000. Basi kwa kila mateka mmoja aliyelala chini ya bamba la shaba, wapo vibarua sita au saba, au zaidi, waliolala mahali pasipojulikana. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Na nyasi hazina majina.

Watu wa Afrika Mashariki wanalijua neno "manamba", walivyoitwa vibarua wa mkataba katika mashamba ya mkonge, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Watamil wa mashamba ya mpira walikuwa watu wa hali iyo hiyo. Walakini katika reli hii hata namba haikubaki. Mjukuu wa askari wa Leeds au Melbourne akifika Kanchanaburi huonyeshwa safu na jiwe, akapiga magoti na kuweka ua. Mjukuu wa kibarua wa Malaya akifika, ataweka ua lake wapi?

JAMBO HILI NA WATU WA KWETU

Mtu aweza kudhani ya kuwa habari hizi ni za mbali, zisizowahusu watu wa Afrika Mashariki. Sivyo. Reli hii ilijengwa ili kulilisha jeshi la Japani lililokuwa Burma, na jeshi hilo ndilo walilopigana nalo askari wa K.A.R. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliingia katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, ikawafuata Wajapani katika matope na malaria, na mwezi wa Desemba ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Wengi hawakurudi. Katika makaburi makubwa ya Taukkyan, karibu na Rangoon, umo mnara wenye majina karibu 27,000 ya watu wasiojulikana makaburi yao, na miongoni mwao yamo majina ya Waafrika. Wao walikuwa askari. Walikuwa na kombania na daftari, basi waliandikwa.

Lakini Afrika Mashariki nayo ina vibarua wake wasioandikwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, tangu 1914 mpaka 1918, wapagazi kwa mamia ya maelfu walichukuliwa kubeba vyakula na risasi za majeshi, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa, kwa maradhi yale yale yaliyowaua watu wa reli ya Burma. Jina la Kariokor mjini Nairobi, na Kariakoo mjini Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao. Katikati ya Nairobi zimesimama sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwaka 1928 kwa heshima ya askari na wapagazi, na maneno ya Kiswahili yaliyoandikwa chini yake yanaahidi kwamba watoto watalikumbuka jina la aliyekufa. Ahadi ni njema. Lakini mtu akizunguka sanamu hizo pande zote hataona jina la mpagazi hata mmoja.

Miaka mingi ilipita bila jibu. Ila mwezi wa Aprili 2021, tume ile ile inayotunza makaburi ya Kanchanaburi ilitoa taarifa ya kukiri kosa. Ilisema ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita vile vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi, na tangu hapo majina yanatafutwa katika nyaraka za zamani. Hiyo ni kazi nzuri, ijapokuwa imechelewa miaka mia moja, kwa maana karatasi zilizo nyingi zimekwisha kupotea, na waliomjua fulani na fulani wamekwisha kuzikwa nao.

Hapo ndipo somo la Kanchanaburi lilipo. Uwanja ule mzuri, wenye maua na majani mafupi, haukuanza kwa shaba wala kwa mawe. Ulianza kwa kipande cha karatasi ndani ya chupa, kilichoandikwa na mtu aliyekuwa karibu na kifo, aliyeona si haki mwenzake apotee. Palipokuwa na mwandishi mmoja, jina lilipona. Pasipokuwa naye, watu elfu walipotea kama moshi.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki lingalipo jina la babu aliyekwenda kubeba mizigo asirudi, au aliyekwenda Burma akarudi na medali na ukimya. Bibi hulitaja anapompa mtoto jina. Mzee hulitaja anapogawa shamba. Majina hayo hayamo katika daftari lo lote. Ye yote aliye na mzee wa namna hiyo nyumbani, na aketi naye jioni moja, achukue kalamu, aandike: jina, jina la baba yake, kijiji, mwaka alioondoka, na mahali alikosemekana kwenda. Haihitaji shaba. Wale waliolala Kanchanaburi nao walianzia hapo.